Msiba wa Kiti cha Orval

Vang Lake, Minnesota
8 Novemba 2018

Mama mpendwa,

Natumai barua hii imekukuta mzima, na kwamba Mama Mkubwa Verna bado hajakulazimisha kuvaa kaptura kwa joto la huko. Mimi sijambo. Theluji ya kwanza ilianguka Jumatatu na imeamua kukaa. Mzee Orval alikuja asubuhi kuiondoa mlangoni kwako kabla sijaamka. Nilipotoka kumshukuru akasema, "Aa, nilikuwa napita tu," kana kwamba watu wa hapa hupita tu na koleo begani.

Nakuandikia kwa kalamu kama ulivyoagiza. Ulisema simu inakufanya uitikie "ndiyo, ndiyo" maneno usiyoyasikia, na ni kweli: mara ya mwisho ulikubali kununua bima. Basi nisikilize kwa macho.

Karakana imefunguliwa. Unakumbuka niliacha kazi Chicago kiangazi kilichopita kwa sababu Gaylen Brekkhus aliniita niiendeshe. Alisema kampuni ya babu yake imetengeneza mashine za kukaushia nafaka miaka mingi mpaka imesahau kwamba mtu anaweza kutengeneza kitu kingine. "Nataka watu wangu wajaribu mambo, Britta," aliniambia. "Kama vile kila mmoja ana biashara yake ndogo, lakini humu humu ndani." Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mfanyakazi yeyote anaruhusiwa kuacha kazi yake na kushughulikia wazo lake mwenyewe, kwa vifaa vya kampuni na fedha kidogo za kampuni.

Binamu zake Gaylen kwenye bodi hawajafurahi. Wametoa sharti: kufikia mkutano mkuu wa Aprili, karakana iwe imetoa angalau kitu kimoja ambacho mgeni amekinunua kwa pesa yake. La sivyo inafungwa, nami naondoka nayo. Maana yake narudi Chicago, wakinipokea.

Basi Ijumaa ya kwanza nikasimama kantini nikauliza nani ana wazo. Mama, niliwatazama watu zaidi ya mia wakitazama viatu vyao. Nikaweka sanduku la mawazo. Mpaka leo lina karatasi ya peremende na kuponi ya matairi. Mawazo wanayo, najua. Ila hapa kwetu mtu akisema "nina wazo zuri" ni kama amevua shati katikati ya ibada. Unaijua ile sinia ya keki kantini: kipande cha mwisho kilikatwa nusu, kisha nusu ya nusu, kimebaki cha kulisha sisimizi, na bado hakuna anayetaka kuonekana amekimaliza.

Watu kama hawa nitawafanyaje wajaribu?

Mwanao,
Britta

*

Mesa, Arizona
17 Novemba 2018

Mwanangu Britta,

Salamu zako zimefika na nimezisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Verna naye apate. Sisi wazima. Wazee wenzangu hapa wanaendesha vigari vya gofu kwenda kuchukua barua getini, halafu jioni wanalipa pesa wakatembee kwenye mashine. Jirani amepaka kokoto zake rangi ya kijani anaziita bustani. Jana nimekula chungwa lililochumwa mtini papo hapo. Halikuwa baya.

Sasa hiyo Ijumaa yako. Uliwauliza mbele za watu! Nani amekulea wewe?

Miaka yote niliyosimamia jiko la misiba kanisani, karatasi ya kujitolea ilibandikwa ukutani na hakuna aliyewahi kuandika jina lake. Ulishawahi kuona msiba wetu umekosa chakula? Nilikuwa nawaandika mwenyewe. Naandika "Marlys, saladi ya viazi," kisha nikikutana naye dukani namwambia, "Afadhali saladi ni yako, mwenzangu, tungefanyaje." Naye anasema, "Mimi? Saladi yangu kitu gani." Kisha anakwenda nyumbani kumenya viazi huku anaimba.

Toa hilo sanduku, linatisha watu. Nenda kwenye meza ya kila mmoja, akiwa peke yake, umuulize ametengeneza nini nyumbani ambacho ataona haya kukionyesha. Atakuonyesha, ili akuthibitishie kwamba ni kibaya.

Habari ya Chicago, fanya utakaloona jema. Usinifikirie mimi. Nina Verna wakati wa baridi na bustani wakati wa joto, na kati yao nina televisheni.

Mama yako

*

Vang Lake
14 Desemba 2018

Mama mpendwa,

U hali gani, na Mama Mkubwa naye? Sisi tumo ndani ya baridi ya kweli, ile inayogandisha nywele za puani. Watu wanasema si mbaya.

Imefanya kazi! Nilipita meza kwa meza kama daktari wa meno, na sasa nina majaribio sita. Nitakutajia mawili tu, mengine utayaona ukirudi.

La kwanza ni la Lavonne wa ofisi ya uhasibu. Unamjua, mama wa wale wavulana watatu wanaocheza hoki ya barafu. Anasema gari lake linanuka kiasi kwamba alilipeleka kuuzwa na mnunuzi akafungua mlango, akaufunga, akaaga. Basi alichukua feni ya mashine yetu ya nafaka, akaiunga na mabomba yaliyosimama kama matawi, na kila tawi anatundika glavu, kofia au kiatu cha barafu, hewa ya vuguvugu inapita ndani. Alinipeleka gereji kwake huku anasema njia nzima, "Usitegemee kitu, Britta, ni takataka tu." Nilitia pua yangu ndani ya glavu ya mwanawe mkubwa, Mama. Ya mvulana wa miaka kumi na tano! Na bado niko hai nakuandikia.

La pili ni la Mzee Orval. Ametengeneza kiti cha kuvulia samaki ziwani wakati wa barafu. Kiti kinapuliza hewa ya moto chini ya makalio. Mvuvi anakaa juu ya barafu, kando ya tundu lake la kuvulia, siku nzima kama yuko kwenye sofa. Sikuwahi kumwona Orval amechangamka hivyo tangu Baba afariki. Walifanya kazi benchi moja, na nadhani tangu hapo hana wa kumwonyesha vitu. Kila Ijumaa nampitia namwambia, "Endelea, Mzee Orval!" Naye anatabasamu.

Nafikiri tutafika Aprili.

Mwanao,
Britta

*

Mesa
27 Desemba 2018

Binti yangu,

Tunakushukuru kwa soksi. Verna amezivaa siku moja kwa heshima, kisha akazivua kwa joto. Krismasi tuliimba ukumbini na mzee mmoja wa kutoka Iowa aliyeshika sauti ya nne ambayo haikuandikwa.

Nimefurahi kwa ajili ya Orval. Lakini nina swali la mtu asiyesoma uhandisi: hewa ya moto, juu ya barafu?

Mama yako

*

Vang Lake
25 Januari 2019

Mama mpendwa,

Nisamehe kuchelewa. Natumai hamjambo. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kinauma.

Swali lako ni swali lenyewe. Kiti kinayeyusha barafu. Kinachimba shimo taratibu chini ya mtu aliyekikalia. Kila mtu karakana nzima anajua, na hakuna aliyemwambia. Wanakizunguka wakisema, "Hicho kiti, Orval, si cha kawaida." Na mimi pia, Mama. Ninaye binamu wa Gaylen anayenipigia simu kuuliza fedha zimekwenda wapi, na sehemu kubwa imekwenda kwenye kiti, maana Orval ameongeza miguu, kisha maboya chini, sasa ameanza kuzungumza habari ya injini.

Na si yeye tu. Kati ya yale sita, manne yamekufa na bado yanalishwa. Hakuna anayekubali kuacha kwa sababu atakuwa amewaangusha wenzake, na wenzake hawamwambii aache kwa sababu watakuwa wamemuumiza.

La kuchekesha zaidi ni hili. Tuna chumba kimoja tu cha kupimia feni. Jana nimegundua kimekaa kitupu Ijumaa zote za mwezi huu. Nikamuuliza Lavonne mbona hajapima mashine yake. "Nilimwachia Orval, yeye ana haja zaidi." Nikamuuliza Orval. "Nilimwachia Lavonne, ana watoto." Wengine nao waliwaachia hao wawili. Wote walikuwa nje ya mlango, wanapeana nafasi, chumba kinapoa.

Bila chumba kile mashine ya Lavonne haitakuwa tayari kwa Aprili. Na siwezi kumnyima Orval. Alinibeba kwenda kubatizwa, Mama, wakati Baba alipoogopa kuniangusha.

Mwanao aliyekwama,
Britta

*

Mesa
4 Februari 2019

Mwanangu,

Pole na kichwa. Kunywa maji. Hapa wanasema hivyo kwa kila ugonjwa na wanalipisha.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Ukweli ni kwamba watu wetu hatujui kumwambia mtu amekosea. Tukijaribu, inatoka kama habari ya hali ya hewa. Lakini kuna jambo moja tunalijua vizuri kuliko wote, nalo ni kuzika. Umeona mtu akigombana kwenye chakula cha msibani? Marehemu hata kama alikuwa mtu wa namna gani, tunasema mazuri yake, tunaimba, tunakula mikate yenye nyama ya nguruwe na siagi nyingi, tunakunywa kahawa nyepesi, na kesho yake hakuna anayempelekea marehemu chakula.

Basi zika. Hilo jaribio lililokufa liweke mbele, lisomewe wasifu, watu wale. Mtu akishakula nyama ya msiba wa kitu, hawezi kurudi Ijumaa ijayo kukipaka rangi.

Jaribu.

Mama yako

*

Mesa
1 Machi 2019

Britta mwanangu,

Sijui kama barua yangu ya mwezi uliopita ilifika. Verna anasema umeshughulika. Mimi nakujua, ukishughulika unaandika fupi, huachi kuandika. Mkubwa wa posta hapa ananiona nikija anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Umemzika nani huko?

Mama yako

*

Vang Lake
6 Machi 2019

Mama,

Sina salamu nzuri leo, ila nakutakia afya njema kwa moyo wote.

Barua ilifika. Nilifanya ulivyosema. Niliandika tangazo, nikalibandika ukutani Alhamisi: kesho mchana, msiba wa kiti cha kuvulia samaki, chakula kitakuwepo. Nikanunua nyama, nikapaka siagi mwenyewe. Kiti nikakiweka mbele na kitambaa cheupe. Watu wote walikuja. Orval hakuja.

Hakuja Jumatatu pia, wala wiki iliyofuata. Amechukua likizo yake yote aliyolimbikiza, na Orval hajawahi kuchukua likizo isipokuwa ufunguzi wa msimu wa uvuvi. Waliobaki wananiogopa. Majaribio mengine yamesimama, na Lavonne amerudi kwenye hesabu zake, anasema labda gereji inatosha.

Na theluji bado anaiondoa, Mama! Hiyo ndiyo inaniua. Naamka nakuta njia imesafishwa mpaka kwenye ngazi, safi, na yeye ameshaondoka.

Nimeharibu. Bora Chicago, kule mtu akikukasirikia anakupigia honi.

Britta

*

Mesa
11 Machi 2019

Mwanangu mpenzi,

Acha kulia kwanza, kisha endelea kusoma.

Tangazo ukutani! Ulimuuliza mfiwa? Msiba ni wake. Unakwenda nyumbani kwake kwanza, unakaa, unauliza anataka wimbo gani na nani asome wasifu. Hata mtu mwenye roho ngumu kabisa tulimuuliza wimbo. Sikukuambia kwa sababu sikudhani kuna mtu asiyejua, na hapo kosa ni langu. Miaka kumi na miwili Chicago inamfutia mtu mengi.

Nenda kwa Orval. Usipige simu. Peleka chakula cha oveni, chenye tambi, kile cha uyoga. Na usianze na kiti.

Mama yako anayekupenda

*

Vang Lake
31 Machi 2019

Mama yangu mpendwa,

Salamu tele, na nyingine za Mama Mkubwa, na nyingine za huyo mzee wa Iowa. Mimi mzima leo kuliko nilivyokuwa tangu vuli.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Alifungua mlango akasimama.

"Aa. Wewe."

"Mimi."

"Kuna ubaridi."

"Si mbaya."

"Si mbaya, la."

Ilikuwa baridi ya kugandisha mate, na bakuli lilikuwa linaniunguza mikono. Hatimaye akauliza, "Kahawa?" Nikasema asijisumbue. Akasema si usumbufu. Nikasema sawa, kama anapika ya kwake hata hivyo. Ndipo nikaingia.

Tukala. Halafu yeye ndiye akaanza. "Kile kiti kilikufa kabla ya Krismasi, Britta. Nilikuwepo. Maji yaliniingia mpaka magotini."

"Sasa mbona uliendelea?"

"Ulikuwa umefurahi mno. Kila Ijumaa, 'Endelea, Mzee Orval.' Nikaona nikiacha nitakuvunja moyo."

"Mimi nilikuwa nasema endelea ili nisikuvunje moyo wewe!"

Akatafuna muda mrefu. "Basi," akasema, "ile pesa yote ya Gaylen tumeila kwa kuoneana haya."

Nikacheka, Mama, nikashindwa kuacha. Yeye hakucheka, ila masikio yalikuwa mekundu. Kisha akasema kilichomuuma si kifo. Kilichomuuma ni kukisoma ukutani akiwa amesimama na watu wa bohari, kama mtu aliyesikia habari za nduguye redioni.

Nikamwomba msamaha. Nikamuuliza anataka wimbo gani.

Ijumaa iliyofuata tulirudia msiba. Orval alivaa tai. Alisimama kando ya kiti akasoma: "Marehemu alizaliwa Novemba kwenye benchi langu. Alikuwa na joto kwa kila mtu. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba aliyemwamini sana alizama. Sikumsikiliza alipoanza kudondosha maji, na nyie hamkuniambia, lakini nawapenda." Akakaa. Halafu fundi mmoja wa rangi, ambaye jaribio lake ni banda la mbwa linalojisafisha, akasimama nyuma, akasema, "Kama nyama bado ipo, mimi pia ninaye marehemu." Wakafuata wengine wawili. Tumezika manne siku moja, na saladi ikaisha kabla wafiwa hawajaisha.

Na Jumatatu yake Orval akaburuta meza yake mpaka kwa Lavonne. Hakuna anayejua feni kama yeye. Akamwambia, "Chumba cha kupimia ni chako Ijumaa. Usiniachie. Ukiniachia nitakuzika."

Wamefanya kazi kama watu wanaofukuzwa. Mashine sasa inakausha vifaa vya timu nzima wakati watoto wanakula chakula cha jioni. Tuliipeleka kwenye mashindano ya hoki, wilaya ya jirani, na msimamizi wa ukumbi wa barafu akaizunguka, akanusa, akauliza bei. Lavonne akaanza, "Aa, chochote utakachoona..." Orval akakohoa kama trekta. Lavonne akafumba macho akataja bei. Yule bwana akasema, "Mbili, tafadhali."

Ni mgeni kabisa, Mama. Hana hata ndugu Vang Lake. Tumetimiza sharti, na mkutano ni tarehe sita.

Mwanao,
Britta

*

Vang Lake
8 Aprili 2019

Mama mpendwa,

Natumai u mzima na unafunga mizigo. Barafu ziwani imeanza kuwa nyeusi. Mimi sijambo, ila nina jambo, nalo nataka jibu lako.

Mkutano ulifanyika. Binamu zake Gaylen waliipenda mashine ya Lavonne kupita kiasi. Walinusa glavu mmoja mmoja. Kisha yule mkubwa wao akasoma pendekezo: mashine iwe idara kamili, ipewe watu na bajeti, na karakana ya Ijumaa ifungwe, kwa kuwa imeshamaliza kazi yake. Ndivyo walivyosema, imeshamaliza kazi yake! Wamepata walichotaka, basi mahali kilipotoka hawapahitaji tena. Gaylen hakupinga, amechoka. Aliniangalia kama anayeomba radhi.

Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Unajua mikutano ile. Swali lile ni la kuwapa watu nafasi ya kukohoa. Baba alihudhuria maisha yake yote ya kazi na alisema hajawahi kuona mkono umeinuka.

Orval akasimama. Ana hisa chache za wafanyakazi wa siku nyingi, kwa hiyo haki anayo.

"Ninalo," akasema.

Mwenyekiti akadhani hakusikia. "Unalo nini, Orval?"

"Pingamizi."

Mama, watu waligeuka na viti vyao.

"Mimi nilizika kitu mle," Orval akasema. Karatasi hana. "Kama msingenipa Ijumaa za kuharibu, nisingejua feni ndogo inavyofanya, na mashine ya Lavonne ingekuwa gereji kwake mpaka leo. Mnataka kile kilichofaulu bila vile vilivyokufa. Havikuja kimoja kimoja. Nasema hapana."

"Hapana... kwa maana ya kwamba una wasiwasi kidogo?" mwenyekiti akamsaidia.

"Kwa maana ya hapana."

Akakaa, akajifuta jasho kwa tai. Lavonne akasimama. Fundi wa rangi akasimama. Hawakusema kitu, walisimama tu, na hapa kwetu hiyo ni ghasia.

Walijadili mpaka chakula kikapoa. Karakana imepewa mwaka mmoja zaidi. Lakini binamu hawawezi kurudi nyumbani bila kushinda kitu, kwa hiyo mshahara wangu umekatwa nusu.

Sasa jambo lenyewe. Ile kampuni ya Chicago imenipigia. Wananirudisha, kwa mshahara kamili na zaidi, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nataka kuendelea na karakana. Pia nina umri wa miaka thelathini na tisa na ninalala chumba changu cha utotoni chenye mapazia ya picha za farasi. Nimekuuliza mara nyingi unaonaje, nawe kila mara unaniambia nisikufikirie. Nakufikiria. Nani mwingine nimfikirie? Niambie unataka nini.

Mwanao,
Britta

*

Mesa
14 Aprili 2019

Britta mwanangu,

Sisi wazima. Leo sitaandika habari za machungwa.

Nimechana barua kadhaa kabla ya hii. Zote zilisema fanya utakaloona jema, na zote zilikuwa uongo wenye mwandiko mzuri. Verna alizitoa kwenye takataka akazisoma, akaniuliza kama naandikia mwanangu au benki.

Nataka ubaki.

Nimeliandika na paa halijaanguka. Nataka ubaki Vang Lake. Nataka nisikie mlango wa nyuma ukijibamiza nijue ni wewe, na nikugombeze kwa kuubamiza. Baba yako alipofariki ulikuja ukakaa wiki moja, nikakuambia rudi kazini mimi niko sawa, ukaniamini. Sikuwa sawa. Nilikuwa naweka sahani mbili mezani.

Mshahara nusu ni mdogo, najua. Sijui kama ni busara. Hukuniuliza kama ni busara, uliniuliza nataka nini, na kwa kutokusikia swali hilo siwezi kulaumu sikio langu. Hayo mapazia ya farasi yatoe. Mimi sikuyapenda hata nilipoyashona. Wewe ndiye uliyeyataka ukiwa na miaka tisa.

Ukienda Chicago sitanuna. La, nitanuna. Nitanuna mpaka Krismasi, kisha nitakutumia soksi.

Umeniuliza, nami nimejibu. Sasa kazi ni yako, na hii barua naipeleka posta kwa miguu kabla sijaongeza neno la kuilainisha.

Mama yako anayekutaka nyumbani

*

Vang Lake
19 Aprili 2019

Mama,

Barua yako imefika leo. Niliisoma nimesimama kwenye theluji ya mwisho, na njia haijasafishwa, kwa sababu Mzee Orval amesema imebaki kidogo na mikono ninayo.

Nimempigia mtu wa Chicago. Nilianza kumwambia kwamba ni kazi nzuri sana, kwamba nashukuru, kwamba huenda wapo wengine wanaostahili zaidi yangu. Akafurahi, akadhani nakuja, akaanza kunipangia tarehe.

Ndipo nikamwambia hapana.

Kukawa na kimya kirefu kwenye simu. Sikukijaza.

Mwanao,
Britta